Shajara ya mradi: mbegu na ghala la shehia, Micheweni, 2025

Lengo kwanza, ili anayeingia katikati asipotee. Kaya za shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, ziweze kuvuka miezi miwili kwa chakula kilichomo shehiani: muhogo ardhini, mpunga ghalani, viazi na shelisheli vya kujazia. Miezi yenyewe ni ile ya kabla ya mavuno ya mpunga, wakati ule wa mwaka jana umeshaliwa, masika yameshika, na mchele wote ulioko dukani umekuja kwa meli. Mwaka mzima haukuwekwa kwenye mpango. Sehemu kubwa ya ardhi hapa ni uwanda na maweni, udongo umekaa mifukoni mwa mawe, na anayeahidi kujitosheleza kwa mchele kwenye ardhi hiyo hajawahi kuilima.

Hesabu ya kaya moja ya watu sita: gramu 300 za mchele kwa mtu kwa siku, siku 60, ni kilo 108. Mpunga ukikobolewa hutoa kama asilimia 65 ya mchele, kwa hiyo zinahitajika kilo 166 za mpunga. Ni mapolo mawili na kidogo. Hakuna kaya inayolima bondeni isiyoweza kuyapata mapolo mawili. Tatizo ni kwamba yakivunwa Julai, Agosti hayapo tena. Ndiyo maana mradi haukuanza na jembe wala mbolea. Umeanza na mbegu na hifadhi.

Januari, kaskazi

Kazi ya mwezi ni maji na kitalu cha viazi.

Kisima kilicho upande wa pwani kimepimwa chumvi kwa kipimo cha mkononi kinachosoma dS/m, kizio cha upitishaji umeme kinachopanda chumvi ikiongezeka majini. Chini ya 0.7 maji hayana shida kwa zao lolote. Kati ya 0.7 na 3 unachagua zao, na kila mara unamwagilia kwa wingi kidogo ili chumvi izame chini ya mizizi. Zaidi ya 3, acha. Asubuhi kisima kinasoma vizuri. Pampu ya petroli ikishafanya kazi kutwa, alasiri kinasoma vibaya. Maji matamu ya kisiwa yanaelea juu ya maji ya bahari, na kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na mita kama 40 zilizo chini yake. Ukiyashusha maji nusu mita kwa pampu, chumvi ina nafasi ya kupanda mita 20 kukufuata. Pampu imeondolewa. Maji yanachotwa kidogo kidogo alfajiri na magharibi, yanawekwa kwenye tangi, na kitalu kinanyeshewa kwa ndoo yenye matundu. Kunde zimehamishiwa kisima cha juu.

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vilihifadhiwa mchangani tangu vilipovunwa. Utaratibu: beseni, karatasi chini, mchanga mkavu uliopoa sentimita 5, safu ya viazi vidogo visivyogusana, mchanga, safu nyingine, na juu kabisa sentimita 10 za mchanga. Beseni halifunikwi. Mfuniko huleta jasho, na jasho huleta kuoza. Viazi vichaguliwe vile visivyo na tundu hata moja la fukusi, maana fukusi akiingia na kiazi kimoja atazaliana humo ndani na beseni zima litakwenda. Wiki nane kabla ya masika viazi vilivyochipua vinapandwa kitaluni, nusu mita kutoka kimoja hadi kingine. Viazi 40 vikitunzwa vizuri na kukatwa mara mbili hutoa kama marando 1,500, yanayotosha karibu mita za mraba 500 kwa nafasi ya sentimita 30 juu ya tuta.

Ua wa kitalu ni matawi ya miiba yaliyopangwa mara mbili. Makuti peke yake hayafai Micheweni. Mbuzi wa hapa huyala makuti kwanza, halafu viazi.

Machi, Ramadhani na mvua za mwanzo

Ukitaka kujua mbegu ya muhogo inapotea wapi, tazama soko la futari. Muhogo, majimbi, viazi vikuu na ndizi hupanda bei, na mwenye shamba anang'oa mapema, hata muhogo wa miezi saba. Mizizi inakwenda sokoni, mashina yanaachwa juani kando ya njia. Wiki chache baadaye mvua inanyesha na watu wanatafuta mbegu kwa jirani, wanapewa yoyote iliyobaki. Hapo ndipo maradhi yanapogawanywa shehia nzima kwa ukarimu.

Mwaka huu Ramadhani imeanza mwanzoni mwa Machi na mvua zinafuatia mwishoni, kwa hiyo pengo ni dogo na mashina yamekusanywa moja kwa moja kutoka kwa wanaovuna. Masharti matatu kabla shina halijachukuliwa. Moja, mmea uwe na miezi 10 hadi 12. Mbili, majani yawe yamekaguliwa ungali umesimama. Tatu, mizizi ikatwe vipande mbele ya mkaguzi: kila mzizi sehemu tano au sita, kuanzia kichwani hadi mkiani. Ukikuta uozo mkavu wa rangi ya kahawia hata kwenye kipande kimoja, mashina yote ya mmea huo hayachukuliwi. Sharti la tatu linaudhi watu, kwa sababu mzizi uliokatwakatwa hauuziki. Mradi unaununua kwa bei ya soko na unaliwa siku hiyo hiyo kwa futari. Hakuna njia nyingine ya uhakika, maana michirizi ya kahawia, maradhi ya virusi ya muhogo, inaweza kuwa imeozesha mizizi wakati majani yanakuchekea.

Mashina yanahifadhiwa mazima. Pingili zikikatwa mapema zinakauka ncha zote mbili. Yanasimamishwa wima chini ya mwembe, sehemu ya chini ndani ya udongo uliolegezwa na kunyeshewa, upande wa kaskazini mashariki pakiwa na kizuizi cha makuti dhidi ya upepo wa kaskazi. Yanakaa hivyo wiki tatu, nne. Zaidi ya hapo macho yanachipua na kumaliza nguvu ya shina.

Jambo la kuangalia mbele: Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2026 itaanza Februari, na kufikia 2030 itaanza mapema Januari. Pengo kati ya futari na masika litapita muda ambao shina linaweza kusubiri kivulini. Kuanzia mwakani shamba la mbegu litabaki limesimama hadi mvua, na wenye eneo wamekubali kwa maandishi mbele ya sheha kwamba halichimbwi kwa ajili ya futari.

Mbegu iliyochaguliwa ni Kizimbani na Mahonda, mbili kati ya aina nne zilizotolewa Zanzibar mwaka 2007 kwa ajili ya kustahimili michirizi ya kahawia. Nyingine mbili ni Kama na Machui. Kustahimili si kutougua. Mmea unaweza kubeba virusi na bado ukazaa, jambo zuri kwa mlaji na baya kwa mtoa mbegu.

Shamba la mbegu ni robo eka ya kichanga kirefu. Uwanda haufai kwa kazi hii, kwa sababu huwezi kupanga mistari wala kukagua mmea kwa mmea. Nafasi ni mita 1 kwa nusu mita, mimea 2,000. Shamba liko zaidi ya mita 100 kutoka muhogo wowote wa zamani, tena upande wa kusini wake, kwa kuwa miezi ya mwanzo ya mmea ndiyo miezi ya kusi, na nzi weupe wanaoeneza virusi hubebwa na upepo. Pingili ni sentimita 20 hadi 25, macho matano hadi saba, kutoka sehemu ya kati ya shina. Ncha ya kijani na kitako kilichokomaa sana vinatupwa. Ukikata shina lililo hai utomvu unatoka hapo hapo. Likitoa maji maji ya uvivu, au lisitoe kitu, liweke kando. Macho yatazame juu. Inaonekana jambo dogo, lakini pingili iliyopandwa kichwa chini huchelewa kuota na huacha mwanya wa magugu.

Aprili hadi Juni, ukaguzi

Kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha mara moja kwa mwezi. Ukaguzi ni asubuhi, mkaguzi akilipa jua mgongo ili kivuli chake kiangukie jani. Jua kali likiwa juu ya jani, manjano hafifu hayaonekani.

Batobato, maradhi mengine ya virusi ya muhogo, tafuta juu, kwenye majani machanga: yamejikunja, yamekuwa madogo, yana mabaka ya kijani na njano yenye mipaka inayoonekana. Michirizi ya kahawia tafuta chini, kwenye majani yaliyokomaa. Manjano yake yanafuata vishipa vidogo vya jani na hayana ukingo, kama mafuta yaliyodondokea karatasi. Jani lilipinduliwe na kutazamwa chini pia. Jani linalozeeka lenyewe huwa njano lote kwa mpigo na hudondoka ukiligusa. Jani lenye michirizi hung'ang'ania. Wakaguzi wapya wanachanganya hayo mawili, kwa hiyo wamewekewa majani ya kila aina yaliyobanwa kati ya karatasi, wayashike na kulinganisha shambani.

Mmea wenye dalili unang'olewa na mizizi yake siku hiyo hiyo na kuzikwa au kuchomwa. Usiuache mpakani. Shina la muhogo lililotupwa huokotwa na mpita njia na kupandwa kwake, na kesho jirani analalamika kwamba mbegu ya mradi ina maradhi. Nafasi iliyobaki wazi haijazwi na pingili nyingine. Pandikizi la kuchelewa huvuta nzi weupe kwa majani yake machanga.

Viazi: marando yamehamishiwa kwenye matuta Aprili. Kazi ya kusema juu yake ni moja, kupandishia udongo kila ufa unapoonekana kwenye tuta, kwa sababu fukusi hana uwezo wa kuchimba. Anaingia kwa ufa.

Julai, mpunga na ghala

Mpunga wa mbegu unachaguliwa kabla ya kuvuna, si baada ya kupura. Wiki moja kabla, mtu anapita shambani na kuondoa mashuke marefu kupita mengine, yenye miba isiyo ya aina hiyo, na yale ya mpunga mwekundu. Katikati ya shamba ndiko kunakovunwa mbegu. Kando kando huchanganyika na za jirani.

Kukausha ni kwenye majamvi au turubali, unene wa vidole viwili, ukigeuzwa kila saa. Jua kali mno kwa siku moja huupasua mpunga ndani ya ganda, ukikoboa unapata chenga tupu. Lengo ni unyevu wa asilimia 13 au chini yake. Asiye na kipimo atumie chupa na chumvi: kikombe cha mpunga, kijiko kikubwa cha chumvi, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikigandia kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipogandia, anika siku moja zaidi ili kufika 13. Chumvi yenyewe ikaangwe kidogo kwanza, tena chupa iwe kavu, kwa sababu hewa ya Pemba hulowesha chumvi ya jikoni na kipimo kinakudanganya kila mara.

Baada ya kuanika, mpunga unapoa kivulini na kufungwa jioni ile ile. Ukifungwa wa moto, mvuke unageuka maji ndani ya mfuko. Ukilala nje usiku mmoja, unanyonya unyevu na kazi ya siku mbili imepotea.

Mifuko ni ile ya tabaka tatu: miwili ya nailoni ndani, polo la kawaida nje. Mfuko unaotiwa kilo 100 za mahindi huingia kilo 75 hadi 80 tu za mpunga, kwa hiyo agizo lifanyike kwa hesabu hiyo. Kila mfuko wa nailoni unajazwa hewa na kubanwa kabla ya matumizi. Sikio lisikie kama kuna tundu. Kila tabaka linafungwa peke yake: sokota, kunja, funga kamba. Wadudu waliomo ndani wanamaliza hewa yao wenyewe na kuacha kula. Ndiyo sababu mfuko wa akiba haufunguliwi kuchotwa pishi mbili za leo. Kila kufungua ni kuwapa pumzi. Kaya inayotaka kula kidogo kidogo inawekewa mifuko midogo.

Jengo la ghala ni chumba cha mawe kilichokuwepo, kimepigwa chokaa. Mapolo yanakaa juu ya vichanja, nusu mita kutoka ukutani, ili paka na mkaguzi wapite. Nyuma ya ghala kuna uchaga wa nje wenye miguu ya mbao. Kila mguu umevikwa koni ya bati inayotokeza sentimita 30, mita moja kutoka ardhini. Mti unaoegemea uchaga unafuta kazi ya koni zote. Tawi la mpera limekatwa kwa sababu hiyo.

Sasa suala lililochukua vikao virefu kuliko ujenzi. Maghala ya nafaka kwingineko hukopesha polo moja na kudai polo na robo. Hapa hilo halipiti: mpunga kwa mpunga kwa ziada ni riba, na hakuna anayetaka kuila Micheweni wala kwingine. Ukiweka utaratibu huo watu hawatagomba, hawatakuja tu. Uliokubaliwa ni huu: kila mwanachama anatoa mchango wa pishi mbili kwa kila polo analoweka, akope asikope, na mchango huo hauna mwenyewe. Mkopo unarudishwa kiasi kile kile, aina ile ile, na ukavu ule ule. Upungufu wa panya, wadudu na wasiolipa unafidiwa na mchango. Anayehifadhi analipa na ada ya fedha ya mfuko, sawa kwa wote.

Zaka ya mazao, fungu la kumi kwa mpunga wa mvua na nusu yake kwa wa kumwagilia kwa gharama, baadhi ya watu wamependa ipitie ghalani. Ina mifuko yake, daftari lake, na haihesabiwi kwenye akiba hata siku moja. Ikichanganywa, ghala litaonekana lina chakula ambacho halina.

Agosti, makopa

Muhogo wa uwandani unaokomaa unaliwa au unakaushwa. Menya, osha, kata vipande vyembamba vya milimita 3 hadi 5, anika juu ya kichanja chenye wavu, si chini. Kusi linasaidia lakini lina manyunyu yake, turubali liwe karibu. Vikipigwa na upepo pande zote vinakauka kwa siku mbili. Viko tayari vinapovunjika kwa sauti. Vipande vinene vinakauka nje na kubaki na unyevu katikati, na hapo ndipo ukungu unapoanza. Kipande chenye doa jeusi au la kijani kinatupwa, hakikwanguliwi, wala hapewi kuku: sumu ya ukungu inamdhuru naye. Aina chungu zinarowekwa kwanza siku tatu, maji yanamwagwa.

Septemba, kwa ufupi

Kuku: chanjo ya mdondo aina ya I-2, tone moja jichoni, kuku wote siku moja, kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ukichanja nusu ya mtaa umechanja bure.

Mishelisheli: machipukizi ya mizizi yamekatwa na kipande cha mzizi, yamewekwa kwenye mifuko kivulini. Yatapandwa mita 12 kutoka mti hadi mti. Ni miaka mitano hivi kabla ya tunda, na popo watachukua fungu lao. Wapandiwe wao pia. Ndio wanaosambaza mbegu za miti mingi ya kisiwa hiki.

Oktoba na Novemba, vuli

Mbegu ya mpunga imepimwa uotaji. Haikupimwa Julai, kwa sababu mpunga mpya hulala wiki kadhaa na ungeonekana mbovu. Punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, siku saba. Zikiota 85 au zaidi ni mbegu. 70 hadi 85 ongeza kiasi shambani. Chini ya hapo pika. Kabla ya kusia, mbegu itachujwa kwa maji ya chumvi: chumvi inaongezwa mpaka yai bichi lielee na kutokeza juu kipande cha ukubwa wa sarafu. Punje zinazoelea ni chakula cha kuku, zinazozama zinasuuzwa mara mbili kwa maji matamu, la sivyo chumvi inaua chipukizi.

Mifuko miwili imekutwa na fukusi hai. Yote miwili ilikuwa imefungwa tabaka mbili pamoja kwa kamba moja. Mpunga umeanikwa upya na kuliwa kwanza, na wafungaji wameelekezwa tena: kamba tatu kwa mfuko mmoja.

Desemba

Shamba la mbegu lina miezi tisa. Kila mmea ulionusurika ukaguzi utatoa pingili 5 hadi 10, kwa hiyo robo eka itatosha eka mbili na nusu hadi tano kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1. Orodha ya watakaopata inaandikwa sasa, na wa kwanza ni wale ambao mihogo yao ya zamani iko karibu zaidi na shamba la mbegu, wakikubali kuing'oa yote kabla ya kupanda mpya. Kukata mashina ni mvua ya kwanza ya masika. Mwaka ujao shamba la mbegu linahamia kichanga cha upande wa pili wa barabara, na hapa patapandwa kunde.